Niliachwa kwa karatasi, nikaolewa tena: naweza kumfuata mume wangu Uingereza?

*Wakili, shikamoo. Nakaa Mwambani, Tanga, nashona nguo. Desemba 2024 niliolewa na mzaliwa wa Ngamiani ambaye sasa ni raia wa Uingereza. Anafanya kazi ghalani, Leicester, pauni 13.20 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na amepanga nyumba ya chumba na sebule. Nina binti wa miaka 9 niliyezaa na mume wa kwanza. Huyo tulioana Pangani mwaka 2014, akaniacha 2019. Karatasi ya talaka ninayo, ameiandika kwa mkono na mashahidi wawili wametia saini. Tunataka kuomba viza mwezi ujao, mimi na mtoto. Baba yake yuko tayari kuandika barua ya kuridhia. Kuna bwana mmoja Dar anataka milioni nne, anasema viza ni uhakika. Tumpe? Na vitu vya dukani nianze kuuza? — Mama Rukia (si jina lake)*

Marahaba, Mama Rukia, na hongera ya ndoa.

Msiombe mwezi ujao, na huyo bwana wa Dar msimpe kitu. Nitamrudia mbele. Kwanza niseme kilichonifanya niisome barua yako mara mbili.

Wengi wanaoniuliza habari za viza ya mwenza huwa roho yao iko kwenye mshahara wa mume. Mshahara wa mumeo una dawa, tena nyepesi. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo karatasi ya talaka, ambayo wewe umeitaja kwa kupita tu, kama jambo lililokwisha. Mbele ya dini huenda limekwisha, na hapo mimi si wa kusema. Mbele ya sheria ya Tanzania Bara halijakwisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa hudumu mpaka mmoja afariki, au mahakama itoe amri ya kuivunja, kuibatilisha, au ya kumhesabu mmoja wenu kuwa amekufa. Talaka iliyotolewa nje ya mahakama inakubalika tu ikiwa imetolewa nje ya nchi, nayo kwa masharti. Pangani si nje ya nchi.

Najua utaniambia kwamba kina mama wangapi hapo mtaani wameachwa kwa karatasi kama hiyo na wakaolewa tena bila mtu kuwasumbua. Kweli kabisa, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Na kama una shangazi au rafiki wa Pemba atakwambia kwa kadhi mambo huisha hapo hapo. Naye hasemi uongo: Zanzibar ina Mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na sheria, na Sheria yetu ya Ndoa haivuki bahari kwenda kule. Huku Bara hatuna mahakama hiyo katika mfumo wa dola. Mpaka wa sheria umekatisha katikati ya bahari moja ambayo ndugu wa pande mbili wanaivuka kwa harusi na matanga, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Sasa ofisa wa viza anaingiaje kwenye talaka ya Pangani? Fomu itakuuliza kama umewahi kuolewa kabla, na ndoa hiyo iliisha lini, kwa njia gani. Itakubidi uambatishe ushahidi. Uingereza nayo ina Sheria ya Familia ya 1986, na kwa talaka ya ng'ambo jambo kubwa inalolitazama ni kama talaka ile ina nguvu kwa sheria ya nchi ilikotolewa. Jibu la Tanzania Bara kwa karatasi ya mkono ni hapana. Hapo ofisa atahitimisha kwamba mwaka 2024 ulikuwa bado mke wa mtu, na sheria yetu hairuhusu mwanamke aliye kwenye ndoa kufunga ndoa nyingine. Kwa hiyo cheti chako cha Desemba, hata kama kina mhuri na kimesajiliwa, kinakuwa hakina kitu chini yake. Ada yenu itakuwa imekwenda.

Usishawishike kuandika kwamba hujawahi kuolewa. Nasema hivi kwa sababu najua utashauriwa hivyo, tena na watu wanaokupenda. Cheti cha kuzaliwa cha Rukia kina jina la baba yake, na cheti chako cha ndoa kina sehemu inayoeleza hali yako kabla ya ndoa. Hebu kitoe sasa hivi utazame kimeandikwaje, maana wapo wafungishaji wanaojaza sehemu hiyo kwa mazoea. Uongo ukigundulika hauishii kwenye kukataliwa mara moja. Unaweza kukuletea marufuku ya miaka 10.

Dawa ipo, na iko Tanga. Nenda kwenye Baraza la usuluhishi la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na karatasi yako ya talaka, cheti cha ndoa ya kwanza, na mashahidi wale wawili ikiwa bado wako hai. Baraza litamwita mume wa kwanza. Likiona hakuna cha kusuluhisha, litatoa hati ya kusema hivyo. Hati hiyo utaipeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi ya talaka. Kwa ndoa za Kiislamu sheria ina kifungu kinachowafaa watu wa hali yako: Baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa kupatanisha, kisha, baada ya hati hiyo, mmoja wa wanandoa akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inatoa amri ya talaka. Hutaulizwa nani alimkosea nani. Angalia mpangilio: karatasi yako ya 2019 ilitangulia hati ya Baraza, kwa hiyo kwa kifungu hiki haitoshi; mume wa kwanza atoe talaka tena baada ya hati, na karatasi ya zamani ibaki ushahidi wa yaliyopita. Ukishapata amri, sajili talaka RITA, wakala wa serikali wa usajili, na uchukue nakala zilizothibitishwa.

Baada ya hapo mfunge ndoa upya. Najua neno hili halipendezi, na mumeo atasema nimewafunga kamba miguuni. Lakini ndoa iliyofungwa kabla ya amri haipati uhai kwa sababu amri imekuja baadaye. Toeni taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla, kama sheria inavyotaka, mumeo aje mwenyewe, msifungishwe kwa simu, na cheti kipya kiseme ukweli kwamba wewe ni mtalikiwa. Kwenye barua ya maelezo mtaandika yote kwa mtiririko: ndoa ya 2014, talaka ya karatasi ya 2019, nikaha ya 2024, amri ya mahakama, nikaha ya pili. Ofisa anayesoma kisa kilichonyooka, chenye hati kwa kila hatua, hana sababu ya kukushuku. Safari hiyo ya mumeo nayo si hasara, maana mhuri wa kuingia nchini na picha za siku hiyo ni ushahidi kwamba ndoa yenu ni ya kweli.

Na yeye je, amewahi kuoa huko? Kama ndiyo, naye alete amri ya talaka ya mahakama. Muulize leo.

Kuna anayeweza kukwambia ukimbilie viza ya mchumba, uende ukafunge ndoa hukohuko ndani ya miezi 6. Viza hiyo ipo. Lakini mchumba naye lazima awe huru kuoa au kuolewa, kwa hiyo utakutana na karatasi ileile. Isitoshe, ukiwa mchumba huruhusiwi kufanya kazi, na ukishaolewa utalipa ada nyingine ya kubadili viza.

Tuje kwenye mshahara. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mume anayemwita mwenza kutoka nje anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ya kukatwa kodi. Zamani ilikuwa 18,600, na kila mtoto aliongezewa kiasi chake. Siku hizi kiwango ni hicho kimoja, awepo mtoto au asiwepo. Kipato cha cherehani chako hakihesabiki, kwa kuwa unaomba ukiwa nje.

Saa 40 kwa pauni 13.20, mara wiki 52, ni pauni 27,456. Imepungua 1,544. Mumeo akiweza kufanya saa 42 na nusu kwa wiki, yaani saa mbili na nusu za ziada, anavuka. Kwa anayelipwa kwa saa na amekaa kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi, huchukuliwa wastani wa malipo ya miezi 6 iliyopita, na saa za ziada zimo. Kwa hesabu nyepesi: salari slipi za miezi hiyo 6 zikijumlishwa, kabla ya makato, zisiwe chini ya pauni 14,500. Mimi ningemwambia alenge 15,000. Wiki moja ya mafua inaweza kula ile pauni 50 uliyoitegemea.

Akishindwa kuongeza saa, upungufu unaweza kuzibwa kwa akiba. Hesabu yake ina ukaidi kidogo: pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa, halafu kila pauni inayopungua kwenye mshahara inadai pauni 2.50 za akiba. Kwa upungufu wa 1,544 mnahitaji 3,860 juu ya zile 16,000, jumla pauni 19,860, ziwe zimekaa benki miezi 6 bila kushuka chini ya hapo. Ndiyo maana nasema saa mbili na nusu ghalani ni nafuu.

Ushahidi wa mshahara ni salari slipi za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyohiyo zinazoonyesha kila malipo yakiingia, na barua ya mwajiri inayotaja kazi, mshahara, muda aliokaa na aina ya mkataba. Slipi ikisema pauni 2,011 na benki ionyeshe 2,011. Miezi mtakayokuwa mnahangaika na Baraza na mahakama ndiyo miezi yake ya kukusanya slipi, kwa hiyo hampotezi muda kama mnavyoweza kudhani.

Nyumba ya chumba na sebule inawatosha. Kwa kipimo chao cha msongamano sebule nayo ni chumba cha kulala, vyumba viwili ni vya watu watatu, na mtoto chini ya miaka 10 huhesabiwa nusu. Rukia akivuka 10 mtakuwa watatu kamili, bado mmo ndani. Mumeo aambatishe mkataba wa pango na barua ya mwenye nyumba inayokubali nyinyi wawili kuhamia.

Kuhusu Rukia, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kina mama wengi wanapojikwaa wakati mambo yao wenyewe yamekaa sawa.

Umesema baba yake yuko tayari kuandika barua. Nimefurahi, ila barua hiyo ina makali pande mbili. Baba mzazi akiwa yupo na haji Uingereza, sheria inakutaka uonyeshe kwamba wewe peke yako ndiye mwenye wajibu wa malezi ya mtoto, tangu muda uliopita mpaka sasa. Chakula na nguo ni sehemu tu ya wajibu huo. Uzito uko kwenye maamuzi: nani alichagua shule, nani alisaini alipolazwa hospitali ya Bombo, nani anaitwa na mwalimu mkuu. Sasa baba akiandika "mimi na mama yake tumekubaliana mtoto wetu aende", kwa nia njema kabisa, amekwishasema kwamba mnaamua pamoja. Ofisa atachukua sentensi hiyo moja na kumkatalia mtoto.

Simwambii mtu aandike uongo. Namwambia aandike yaliyopo. Kama tangu 2019 kazi yake imekuwa kuleta kanzu ya Idi na kumsalimia mtoto akipita, aseme hivyo: mtoto analelewa na mama, maamuzi yote ni ya mama, mimi humtembelea mara kadhaa kwa mwaka na sina pingamizi na safari. Wewe nawe ulete risiti za ada, kadi ya kliniki, barua ya mwalimu mkuu inayotaja ni nani anayeshughulika na mtoto, na barua ya ofisi ya ustawi wa jamii ikiwezekana. Kama kuna kipindi mtoto alikaa kwa bibi yake wakati wewe unatafuta riziki, usikifiche. Bibi anaweza kumpikia na kumlaza, na wajibu ukabaki kwako, mradi uonyeshe ulikuwa unatuma pesa na kuamua kwa simu. Miamala ya M-Pesa ya miaka hiyo ni dhahabu.

Ikiwa ukweli ni kwamba baba anashiriki malezi hasa, analipa ada na ana sauti, basi niambie kabla hatujaandika chochote. Njia inayobaki hapo ni nyembamba: kuonyesha sababu nzito sana zinazomfanya mtoto asiweze kubaki.

Na kwa kuwa unakwenda Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya talaka, omba hapohapo amri ya malezi ya mtoto. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama mamlaka hayo, na kipimo chake kikuu ni maslahi ya mtoto. Amri hiyo haimalizi swali la ofisa, lakini ina uzito kuliko barua kumi za shangazi.

Yaliyobaki yana njia zake zilizonyooka. Kiingereza kinachotakiwa kwa kuanzia ni ngazi ya A1, ya chini kabisa, kuzungumza na kusikiliza tu, kwenye mtihani ulioidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza. Cheti chako cha kidato cha nne hakitoshi, ingawa masomo yalikuwa kwa Kiingereza; Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia baada ya kuthibitishwa na Ecctis, shirika la Uingereza linalolinganisha vyeti vya ng'ambo, lakini hujasema unayo. Kipimo cha kifua kikuu ni lazima, na hufanywa kwenye kliniki iliyoidhinishwa Dar es Salaam; cha Bombo hakipokelewi. Cheti chake hudumu miezi 6, kwa hiyo kiwe cha mwisho mwisho. Rukia naye aende, ingawa watoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha ya kifua. Hati ya Kiswahili isiyo na Kiingereza itafsiriwe, na mtafsiri aandike jina lake kamili, saini, tarehe, anwani, na kauli kwamba tafsiri ni sahihi. Na tazama majina. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kuwa Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanahamis NIDA, na Mwana Hamisi kwenye pasipoti. Rekebisha sasa, au uwe na kiapo kinachoeleza kwamba wote watatu ni wewe.

Ada. Kuanzia Aprili 2025 ombi moja lilikuwa pauni 1,938, na ada hizi zina mazoea ya kupanda kila Aprili, kwa hiyo hakikisheni kiasi siku mnayolipa. Juu yake kuna tozo ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Viza ni ya miezi 33, inayohesabiwa kama miaka 3, kwa hiyo wewe ni 3,105 na Rukia 2,328. Kwa ada hiyo ya 2025 jumla yenu wawili ni pauni 9,309, kabla ya mtihani, kipimo na basi la kwenda Dar kuweka alama za vidole. Mkikataliwa tozo ya afya hurudishwa. Ada ya ombi hairudi.

Sasa turudi kwa bwana wa milioni nne. Ada ya ombi moja peke yake, bila tozo, inazidi milioni tano za shilingi. Hivyo milioni nne yake si ada, ni mkono wake. Na anauza nini? Anayeamua ni ofisa wa serikali ya Uingereza ambaye hata kwenye kituo cha alama za vidole hapo Dar hayupo. Waliopo pale hupokea tu. Mtu anayetoa uhakika kwa uamuzi usio wake anapanga ama kula pesa ama kutia hati ya uongo kwenye faili lako. Mkitaka msaada wa kulipia, mumeo atafute huko mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa na Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji, ambayo kabla ya Januari 2025 ilikuwa na jina jingine. Orodha yao iko wazi mtandaoni. Hapa Tanga wakili wa kawaida anakutosha kwa Baraza, mahakama na RITA, na kazi hiyo ndiyo kubwa kwenu.

Mkishatuma, kipimo cha kawaida cha kusubiri kwa anayeomba kutoka nje ni wiki 12. Mkikataliwa mna siku 28 za kukata rufaa, lakini kama kosa ni hati iliyokosekana, mara nyingi kuomba upya ni haraka kuliko rufaa. Mkipewa, utaruhusiwa kufanya kazi siku ya kwanza, ila si kupokea misaada ya serikali. Kabla ya miezi 33 kwisha utaomba nyongeza ya miezi 30, kwa Kiingereza cha A2, na baada ya miaka 5 ukaazi wa kudumu, kwa B1 na mtihani wa maisha ya Uingereza. Uraia ni hiari. Ukiuchukua, wa Tanzania unaondoka, kama mumeo ajuavyo, yeye ambaye kwao Ngamiani sasa huingia kwa viza.

Cherehani na vitu vya dukani usiuze, na tiketi msinunue mpaka viza iwe mkononi. Baraza, mahakama, nikaha, slipi za miezi 6, kisha wiki 12 za kusubiri: umo kwenye mwaka mzima, na katika mwaka huo wewe na Rukia mtakula kwa cherehani hiyo. Jumatatu anza na BAKWATA. Nenda na karatasi halisi ya talaka, usiitoe mkononi mwako, waachie nakala.